Jaafar Lali, Mwoga Wetu Mkuu, Arudi Chovai

Alhamisi, tarehe 31 Julai 2025, Bwana Jaafar Lali Kale, fundi mkuu wa Jumuiya yetu ya Wapiga Redio wa Ridhaa hapa Kismayo, anastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na mmoja. Jumamosi atapanda boti kwenda Chovai, kisiwa alikozaliwa na ambako hajalala usiku hata mmoja tangu mwaka 1991. Jumapili, saa mbili asubuhi, mimi nitakaa kwenye kiti chake, nitashika maiki na kuita visiwa, na kwa mara ya kwanza Jaafar atakuwa miongoni mwa wanaoitwa. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila wenzangu wanajua kwamba tangu habari hii itangazwe sili nikashiba, nami sioni haya kulisema: naogopa.

Hofu hiyo ameniambukiza mwenyewe. Ofisini kwetu ukisema "yule mwoga" hakuna anayeuliza ni yupi. Jaafar anaogopa bahari, anaogopa kupanda juu, anaogopa radi na mbwa, anamwogopa afisa mwenye muhuri na anamwogopa zaidi afisa asiye nao. Akisafiri huvaa jaketi mbili za kuokolea, na akiulizwa hujibu kwamba moja ni ya kumwokoa yeye na ya pili ni ya kuiokoa ile ya kwanza. Nahodha Omar, aliyembeba mara nyingi kuliko mtu yeyote, anaapa kwamba abiria huyu hutapika boti ikiwa bado imefungwa gatini. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwa kweli ofisi hii imecheka sana.

Alianza kazi Mombasa mwaka 2004, wakati Jumuiya nzima ilikuwa ni wakimbizi wachache wa Kibajuni na redio moja ya masafa marefu, katika chumba cha nyuma cha kibanda alichokuwa akitengenezea tivii za watu. Waliokusanyika mle walikuwa na haja moja tu, kusikia kama visiwani bado kuna mtu. Wakiisikia sauti walilia, wasipoisikia walilia, na Jaafar alikuwa akiwachemshia chai huku akifuta vumbi kwenye redio. Jumuiya ilipohamia Kismayo mwaka 2014 wenzake walidhani atabaki Mombasa, maana mwoga gani anarudi alikokimbia? Alirudi akitetemeka, mkononi ana begi la vifaa, na siku ileile akauliza choo kiko wapi na mlango wa nyuma uko wapi. Hapo ndipo mimi nilipomjua.

Viongozi wetu wa wakati ule walitaka mnara mmoja mrefu mjini, wenye kutupa sauti mpaka visiwa vya mwisho. Mchoro ulikuwa tayari na ulipendeza. Jaafar akaukataa. Mnara mrefu, alisema, unamwonyesha kila mwenye bunduki pa kulenga, na siku ukianguka au ukizimwa kwa amri, visiwa vyote vinakuwa mabubu kwa pamoja. Alichojenga badala yake wavuvi wamekiita Jarife, kwa jina la wavu wao, nasi jina hilo tumelikubali. Kila kisiwa kina sanduku lenye ruta na betri, paneli ndogo ya sola, na antena iliyofungwa juu ya boriti ya mkoko isiyozidi urefu wa paa la nyumba. Sanduku hilo tunaliita fundo. Kila fundo huzungumza na mafundo yote linayoyaona, kwa hiyo ujumbe wa kisiwa cha Darakasi ukikosa njia ya kupitia Chovai utapita kisiwa cha Ngumi, au utazunguka kwa mafundo ya bara, mpaka ufike. Uzi mmoja ukikatika, wavu unabaki wavu. Leo tuna mafundo kumi na manne, na yote yamefungwa na mtu ambaye akipanda ngazi hufumba macho.

Wageni watakaousoma wasifu huu wakumbuke kwamba katika pwani hii sanduku geni lenye taa nyekundu halimfurahishi mtu. Tulipofunga lile la Ngumi, watu waliihama njia ya pale, wakawa wanazunguka kwenye mawe na ndoo za maji kichwani. Jaafar hakuwalaumu, kwani hata yeye hakupenda jinsi taa ile ilivyokuwa ikipepesa. Akaziziba taa za mafundo yote kwa utepe mweusi wa umeme, akatundika kwenye kila boriti nakala ya kibali chetu ndani ya nailoni, na chini yake maneno kwa Kiswahili, Kisomali na Kiarabu: hii ni redio, si bomu, na haisikilizi siri ya mtu. Kisha akakosa usingizi kwa wazo kwamba sanduku lisilo na taa linatisha kuliko lenye taa.

Kule Chovai alitaka boriti isionekane kabisa kuwa ni ya redio, akawaomba akina mama wafunge kamba zao za kuanikia nguo papo hapo. Walimkubalia kwa moyo mmoja. Wiki ile kisiwa kikapotea hewani, kikarudi, kikapotea tena, na Jaafar akashinda asubuhi nzima akisoma dua, akiamini kimevamiwa. Kumbe palikuwa na harusi, na mashuka ya wageni wote yalikuwa yameanikwa mabichi mbele ya antena. Tangu hapo ratiba ya kufua ya Chovai imebandikwa ukutani kwetu, karibu na ratiba ya betri.

Basi tuje kwenye maiki. Kila asubuhi saa mbili, Kismayo huita kisiwa kimoja kimoja na kuuliza: "Kuna mchu?" Kisiwa hujibu: "Mchu yupo." Mchu ni mtu, kwa Kibajuni cha kwetu. Hatutaji jina la mlinzi wa fundo, wala la boti, wala safari ya mtu, kwa kuwa hewa ni ya wote na hatujui nani huko bara amekaa na redio yake akitusikiliza. Sheria hiyo ni ya Jaafar. Wenye bunduki wakijua nani anasafiri na lini, watamngoja, alisema, na hakuna aliyembishia.

Februari ya mwaka 2022, kaskazi ikiwa inavuma kwa nguvu, Safiyya, mlinzi wa fundo la Ngumi, alikuwa na mafua. Jaafar aliita Ngumi. Safiyya akajibu mchu yupo, akakohoa. Akaita Chovai. Sauti nyembamba ikajibu mchu yupo, nayo ikakohoa. Sisi tuliokuwa ofisini tuliangua kicheko, tukasema mafua yamevuka maji. Jaafar hakucheka. Alisema visiwa viwili haviwezi kuwa na kifua kimoja, kisha akafanya jambo ambalo yeye mwenyewe alilikataza: akaita mtu kwa jina.

"Safiyya, mwanangu, Chovai kuna mchu?"

Safiyya akasema: "Nisamehe, ami. Sanduku lao limekufa tangu juzi, nikawaitikia mimi usije ukakaa na hofu. Lakini wazima. Jana asubuhi boti yao imepita hapa kuja kwenu, wamelibeba sanduku, na wana mwanamke mjamzito. Wameshafika."

Hawakuwa wamefika. Nahodha Omar alikuwa amesimama mlangoni. Tulimgeukia sote, naye akatikisa kichwa. Jana gatini haikufunga boti yoyote ya Chovai. Kwa muda wa siku nzima na usiku wake watu wale walikuwa baharini, na hakuna aliyekuwa akiwangoja, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amesikia kwa masikio yake kwamba Chovai mchu yupo.

Naomba msimlaumu Safiyya. Kwetu mtu akiitwa naye hayuko karibu, jirani humwitikia, ili mwenye kuita asibaki na sauti yake mkononi. Mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kuvaa viatu. Wala hakuwa peke yake; siku zilizofuata tuligundua kwamba nusu ya walinzi walikuwa wakiitikiana betri zikiwa dhaifu, na wote kwa sababu moja, kumhurumia mwoga wetu asipate presha.

Maiki ikawa inamgonga Jaafar meno, nikaichukua nikamshikia mdomoni. Aliita mafundo yote, akasema wazi kwamba boti imepotea, ina mwanamke mwenye mimba, na kila mwenye macho apande mahali pa juu atazame baharini. Yeyote mwenye nia mbaya angeweza kusikia, na Jaafar alilijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Walinzi wakajibu mmoja baada ya mwingine, na mara hii hawakusema mchu yupo. Walisema majina yao. Kwa kuwa Chovai ilikuwa bubu, ujumbe wa Darakasi ulizunguka kwa mafundo ya bara, yale ambayo tulimcheka alipoyafunga, tukasema anafunga mlango na dirisha na tundu la panya.

Halafu tukangoja. Sijui nielezeje kule kungoja. Chai ililetwa ikapoa mezani. Mtu mmoja alianza kusema kwamba mkondo wa kaskazi unavuta kuelekea kusini, na Omar akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa bado nimeshika maiki, nimeishika kama mtu aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Aliyewaona ni Mzee Abdulhakim wa Darakasi, akiwa juu ya paa la msikiti. Boti ilikuwa imezama nusu ubavu, injini imekufa, na kasia limesimamishwa likiwa limefungwa kanga. Wavuvi wa Darakasi waliifuata wakaikokota hadi pwani. Ndani walikuwamo Layla, yule mjamzito, pamoja na mama yake na mabaharia wawili, midomo imewapasuka kwa kiu, na sanduku letu likiwa limefunikwa turubai vizuri kuliko watu wenyewe. Layla alijifungua nyumbani kwa Mzee Abdulhakim kabla ya adhana ya Adhuhuri. Mtoto alikuwa wa kike, akaitwa Dalila, na Jaafar akashukuru mara mbili: kwamba wamepona, na kwamba hakuna mtoto atakayebebeshwa jina lake na woga wake. Baada ya hapo akatoka nje, akatapika nyuma ya jenereta, akarudi akamalizia kuita visiwa vilivyobaki.

Siku ya tatu alivaa jaketi zake mbili akaenda Ngumi. Tulidhani anakwenda kumkaripia Safiyya, nami nikaandamana naye ili nimtetee yule binti. Hakukaripia. Aliketi kizingitini kwake, akaomba maji, akatusimulia jambo ambalo katika miaka yote ile hakuna kati yetu aliyewahi kulisikia.

Mwaka 1991 waliondoka Chovai kwa boti mbili. Yeye alipanda moja na mdogo wake Idris akapanda nyingine, kwa kuwa nafasi haikutosha. Boti zikapotezana. Jaafar alifika kambini, Kenya, na asubuhi moja majina yalipokuwa yakiitwa akasikia jina la Idris Lali, na sauti ikaitika kutoka nyuma ya umati: yupo. Alilia kwa furaha. Alimtafuta hema kwa hema, siku baada ya siku, akifikiri wanapishana kwenye maji au kwenye foleni ya unga. Mwishowe mama mmoja akamjia na kumweleza kwa upole kwamba aliyeitika ni yeye mama huyo. Aliwajua wote wawili tangu utoto, na aliitika ili Idris asije akakosa sehemu yake ya chakula akifika. Idris hakufika. Jaafar alituambia kwamba hajawahi kumlaumu mama yule, na kila Idi alimpelekea nyama mpaka alipofariki. Jambo moja tu ndilo linalomuuma: siku zile alizokuwa akimtafuta mdogo wake kwenye mahema, hakuna aliyekuwa akimtafuta baharini.

Safiyya alilia sana, na mimi nililia. Jaafar akamaliza maji yake, akakagua nyaya za fundo la Ngumi, akalalamika kuhusu kutu. Aliporudi mjini akatoa sheria ambayo mpaka leo kila mlinzi huiapia kabla ya kukabidhiwa sanduku: mtu haitikii kisiwa kisicho chake. Kisiwa kikinyamaza, kiacheni kinyamaze, ili sisi wengine tuogope mapema.

Kuna mengine mengi ya kumsifu. Amefundisha walinzi zaidi ya ishirini, wengi wao akina mama, kwa kuwa, kwa maneno yake, wao hawaendi kuvua wakaliacha sanduku peke yake. Rawda wa Mombasa, ambaye hajawahi kukanyaga Chovai, ameisikia sauti ya shangazi yake kwa mara ya kwanza kupitia fundo lililofungwa na Jaafar. Jaafar ameikataa kazi ya mshahara mnono mara mbili, mara zote mbili kwa kisingizio kwamba ofisi ile ilikuwa ghorofani. Na hajawahi, hata siku moja, kusema kwamba mambo yako sawa. Kwake mambo huwa hayajaharibika bado.

Mwaka jana alianza kutuomba turudie tuliyosema. Tulidhani ni tabia yake ya kuhakikisha. Daktari akamwambia kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto linalifuata. Siku ileile alinijia mwenyewe, akaniambia kwamba asiyesikia kikohozi hafai kukaa kwenye kiti hiki, na kwamba kiti ni changu. Nilimwambia mimi siwezi, naogopa. Akacheka, jambo lisilo la kawaida kwake, akasema hicho ndicho alichokuwa akikitafuta kwa mtu.

Sasa anakwenda kuwa mlinzi wa fundo la Chovai, katika nyumba ya wazazi wake ambayo ndugu zake wameiezeka upya. Kwa kuwa hatatusikia vizuri, ameivuta kwa waya taa ya sanduku na kuipachika ukutani mbele ya kitanda chake. Kisiwa kikiitwa, taa itawaka. Nilikuwapo alipoubandua ule utepe mweusi kwa ukucha. Huyu ndiye mtu aliyeziba taa za pwani nzima, na nilimwona akiitazama ile ya kwake ikiwaka na kuzimika, akajaribu mara nyingi, akaniuliza kama naona inawaka sawasawa. Nikasema ndiyo. Akajaribu tena.

Lakini mtu huyu ana miaka sitini na mitatu na magoti mabovu. Taa itawaka, yeye atakuwa uani au chooni au kwenye sala ya Dhuha, ataiona akiwa amechelewa, atainuka, atatafuta miwani, ataifikia maiki. Nimepiga hesabu ya kuchelewa huko usiku na mchana, na kila nikiipiga natokwa jasho. Nitauliza kama kuna mchu, na kwa kitambo nisichokijua urefu wake hakutakuwa na jibu.

Kwa hiyo, kabla ya shukrani, nina ombi kwa walinzi wote, na kwako hasa, Safiyya, ambaye kisiwa chako ni jirani na chake na unayempenda kama baba. Jumapili nitakapoita Chovai na hewa ikanyamaza, mtanihurumia. Mtaisikia sauti yangu ikitetemeka nitakaporudia kuuliza. Tafadhali, mtu asimwitikie.

Bwana Jaafar, Jumuiya inakushukuru kwa kila fundo ulilolifunga huku umefumba macho, na kwa kila asubuhi uliyotuogopea. Mungu akupe umri na afya, akujaalie usingizi mtamu katika nyumba ya wazazi wako, na bahari iwe shwari Jumamosi, japo tunajua jaketi zote mbili utavaa. Maisha yako ya Chovai yawe mema. Asubuhi taa ikiwaka usikimbie, magoti yako tunayajua. Njoo polepole, ami, ujibu mwenyewe. Mimi nitakuwa nimeshika maiki, nimenyamaza, naogopa, nakungoja.

Zakia Athman
kwa niaba ya wenzako wa Kismayo na visiwa vyote